Lesi ya Mistari Miwili

3 Machi

Wifi yangu,

Hujambo huko? Usishtuke kuona bahasha imenenepa, sijakuletea kesi. Humo ndani kuna vipande vya urembo wa nguo, nimevibana kwa pini kwenye kipande cha boksi. Fungua taratibu usijichome ukaanza kunilaani kabla hujasoma.

Nimesikia kwa kaka yako kwamba Kidoti wangu anamaliza shule mwezi wa sita, na siku ya sherehe yeye ndiye atakayesimama mbele kuwasomea wazazi shairi. Kaka yako aliniambia juu juu tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, nami nikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Nimeamua kumshonea sketi ya siku hiyo. Nguo nimeshanunua, pamba nzito ya bluu iliyoiva, nitaikata mwavuli ili akigeuka igeuke naye.

Unaijua kazi yangu. Kiwandani kila mtu ana kipande chake: huyu zipu, yule mkanda, mimi mifuko. Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, asubuhi mpaka kengele ya jioni. Tangu nianze kazi hapa sijashona nguo moja nzima kuanzia kiunoni mpaka kwenye pindo. Mkono umesahau, lakini nitaukumbusha. Mwenye chumba ana cherehani ya zamani, ameniruhusu kuitumia Jumapili.

Kitu kimoja tu sitaki kukiamua mimi, nacho ni urembo wa kwenye pindo. Achague mwenyewe. Kuna lesi nyeupe, utepe wa satini wa kijani, zigizaga ya njano, kamba ya kusokota nyekundu, na ile ya shanga ndogo ambayo mimi siipendi ila nimeiweka nisije nikaonekana nambania. Mwonyeshe, mwache avishike, avipeleke dirishani penye mwanga. Halafu uniandikie alichosema, neno kwa neno.

Na vipimo tafadhali. Kiuno, nyonga, na urefu kutoka kiunoni mpaka chini kidogo ya goti, akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo.

Wifi, nikuambie tu linalonikaa rohoni. Nilipoondoka mtoto alikuwa hajui kufunga kamba za viatu. Nilisema nikipata chumba nitamfuata. Chumba nilipata, ujasiri ndio sikuupata. Sasa nawaza hivi: akiipenda sketi, labda nitaweza kumwomba aje akae nami likizo. Likizo tu. Sitaki kukunyang'anya.

Wifi yako
(wa mifuko)


11 Machi

Kaka,

Hii barua naiacha kwa wakala wa magari wenu, akupe ukipita. Mama mtoto ameandika. Anataka kumshonea sketi ya sherehe na ametuma vipande vya urembo ili mtoto achague. Maneno yake matamu kweli, mpaka nimekasirika.

Sijamwonyesha mtoto. Vipande nimeviweka chini ya mashuka, kwenye droo yangu. Kila nikitaka kuvitoa naifunga tena droo. Kaka, wewe na gari lako hamkai nyumbani. Aliyekaa na huyu mtoto kwenye surua ni mimi. Aliyemfundisha kusoma saa ni mimi, na anaponuna ananuna kwangu. Leo anakuja mtu na utepe wa satini na kusema hatanyang'anya. Kwa nini aseme hatanyang'anya kama halikumpitia kichwani?

Nikimwonyesha, atauliza maswali. Mwaka ule alipokuwa anaulizia mama yake kila jioni sikulala vizuri mpaka alipoacha. Uniambie nifanye nini. Wewe ndiye baba.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Nakuandikia juu ya usukani, herufi zikiyumba usiniseme. Barua nimeipata.

Mimi mambo ya lesi na zigizaga unaniuliza bure, hata soksi zangu hazifanani. Mwonyeshe, au kama unaona itamchanganya kabla ya mitihani basi usimwonyeshe. Fanya unavyoona wewe. Mwenzangu wa zamu ananipigia honi.

Msalimie binti. Mwambie nimempata yule mtu anayeuza viatu vizuri, nitaleta.

Kaka


29 Machi

Wifi,

Barua yako na bahasha vimefika salama, pini zote zipo. Vipimo vyake ni hivi: kiuno inchi ishirini na sita, nyonga thelathini na sita, urefu ishirini na saba. Amerefuka, ukimwona utasema nimemwekea mbolea. Ila jina la Kidoti hapa hatulitumii tena. Ameshakuwa mkubwa, na ile doti ya shavuni siku hizi anaifunika kwa nywele.

Urembo nimemwonyesha. Aliupeleka dirishani kama ulivyosema. Alivishika kimoja kimoja, akavirudisha, akachukua lesi nyeupe. Akasema, "Hii, shangazi. Hii imetulia." Nami nikaona kweli, imetulia.

La kuja likizo tusiliharakishe. Ana mitihani na kichwa chake kimejaa. Nguo itangulie kwanza.

Wifi yako


7 Aprili

Wifi yangu wee,

Umenipa dawa! Nimeisoma barua yako kazini, chini ya meza, msimamizi akadhani nasoma ya mpenzi. "Hii imetulia." Mtoto wa umri ule anasema hivyo! Mimi ningeshika ile njano ya kelele bila kufikiri mara mbili, nilivyo mimi. Kumbe mwanangu ana utulivu ambao haukutoka kwangu. Umemlea wewe, na hilo nalisema bila kinyongo.

Sasa nina swali la pili. Lesi ile ni nyembamba. Mstari mmoja kwenye pindo utaonekana, lakini miwili, mmoja ukipanda juu ya mwingine, itapendeza zaidi. Muulize. Hata akisema mitatu mimi nashona. Na niliiloweka jana usiku ili isinyae sasa hivi huku kwangu, isije ikasinyaa mwilini mwake ikavuta nguo nzima. Sketi yenyewe nimeitundika kwenye msumari, nimeiacha ining'inie kwanza. Nguo ya mwavuli inashuka pembeni, ukiikata pindo mapema utamvalisha mtoto wa watu sketi yenye masikio.

Lesi nitaishona kwa mkono. Cherehani ya mwenye chumba inaichana.

Wifi, nije siku ya sherehe? Nitakaa nyuma kabisa. Sitasema kitu.

Wako
Mama Kidoti (niachie hilo jina humu kwenye barua)


18 Aprili

Wifi,

Mistari miwili. Nimemuuliza, akasema miwili, na kati yake iachwe nafasi ya kidole ili bluu ionekane. Mstari wa juu usiwe na mikunjo, wa chini uwe na mikunjo midogo tu, isije ikaonekana kama pazia. Na kwenye ubavu wa kushoto, pale lesi zinapokutana, kifundo kidogo. Kidogo sana. Mtu akiwa mbali asikione, akikaribia akione.

Unaona alivyo? Tulikaa jioni nzima tukilizungumza hilo. Nami nikachukua kile kipande nikakiwekelea kwenye gauni langu la zamani, nikajitazama kwenye kioo, tukacheka. Unajua mimi hospitalini nafua mashuka, napiga pasi mashuka, nakunja mashuka. Shuka halina lesi. Sijawahi kuulizwa nguo yangu iweje, nilizokuwa nazo zote zilikuja zimeshashonwa na zilikuwa za mwingine kwanza. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Kuhusu kuja, naomba usije. Nakuomba kama dada. Akikuona pale mbele ya watu wote atasahau shairi. Acha amalize salama, halafu tutaona.

Wifi yako


30 Aprili

Wifi,

Sawa, sitakuja. Nimelisoma ombi lako mara nyingi na kila mara nilikuwa nataka kukukatalia, lakini wewe ndiye unayemjua. Mimi namjua kwa barua.

Nafasi ya kidole nimeipima kwa kidole changu, natumaini vyetu vinalingana. Mikunjo midogo, kifundo ubavuni, vyote kama alivyosema. Nimefurahi sana kusikia mlicheka. Tena, wifi, ile lesi ikibaki nitakutumia kipande chako. Kitie kwenye hilo gauni, na ukishakitia toka nalo nje watu wakuone.

Nafumua na kushona, nafumua na kushona. Nataka mshono usionekane hata akiugeuza ndani.

Wako


26 Mei

Wifi,

Sketi ndiyo hiyo, ndani ya mfuko wa nailoni, na nje gazeti. Nimeweka mifuko miwili pembeni, imejificha kwenye mshono. Hakuniomba mifuko, ila ndicho kitu ninachokijua vizuri kuliko vyote, ingekuwa ajabu kumnyima.

Ipige pasi kwa ndani, si juu ya lesi. Akivaa, mwambie ageuke mara moja. Uniambie iligeukaje.

Kipande chako cha lesi nimekifungia kwenye karatasi ya waridi.

Wako


9 Juni

Wifi,

Imefika. Kazi yako ni safi. Nimeigeuza ndani nje nikautafuta mshono nikaukosa. Imemkaa kama amezaliwa nayo. Aligeuka si mara moja, aligeuka mpaka akapata kizunguzungu. Nimemwambia imetoka kwako, akanyamaza kidogo, akasema nikushukuru sana.

Asante kwa kile kipande changu. Sikutegemea.

Wifi yako


17 Juni

Wifi,

Alinyamaza kidogo! Nimelifikiria hilo tangu juzi. Alinyamaza vipi? Alitazama chini au alikutazama wewe?

Nisamehe, najua nakuchosha. Nina ombi moja la mwisho, halafu nitaacha kukusumbua kwa muda. Aniandikie mwenyewe. Mistari mitatu, minne, hata kama ni ya kusema asante tu. Nataka kuona mwandiko wake ulivyo. Mkono wake nilikuwa nikiushika kumfundisha herufi ya kwanza, nikaondoka kabla hatujafika mbali.

Sherehe itakuwa imeshapita barua hii ikifika. Hongera zake.

Wako


14 Julai

Wifi,

Hujanijibu. Labda posta. Labda unaumwa, na kama unaumwa nitajilaumu kwa hizi barua zangu za kudai.

Kazini leo nimeshona mfuko juu chini. Msimamizi amecheka, amesema hata wewe? Niandikie japo neno.

Wako


22 Julai

Kwako,

Hii barua naandika mwenyewe, shangazi hajanisaidia. Ameniambia anwani tu.

Sketi niliivaa. Nataka ulijue hilo kwanza kabla ya mengine. Niliivaa siku ya sherehe na nilisoma shairi bila kukosea, na baba alikuja, alichelewa lakini alikuja.

Shangazi alinipa sketi akasema ameishonesha kwa fundi wa sokoni. Vile vipande vya urembo sikuonyeshwa. Sikuwahi kusema lesi, sikuwahi kusema mistari miwili, wala sijui habari za nafasi ya kidole. Siku aliyonipima aliniambia anataka kunikatia gagulo. Nimesoma barua zako zote sasa, amenipa zote, na yale maneno ninayosema humo si yangu. Sijawahi kusema kitu "kimetulia" maishani mwangu.

Sketi yenyewe niliipenda sana, hasa mifuko. Lesi sikuipenda. Nilipoijaribu mbele ya rafiki zangu walisema nimekuwa meza ya sebuleni. Nilicheka nao, lakini usiku sikutaka kuivaa tena. Asubuhi nikachukua wembe nikafumua lesi yote, mstari wa juu na wa chini na kile kifundo. Ilinichukua muda mrefu kwa sababu uzi haukuwa unaonekana. Nikawa najiuliza huyu fundi wa sokoni ana matatizo gani, mbona ameshona hivi.

Baada ya sherehe roho ilinisuta. Nikaona si vizuri kuharibu kazi ya mtu na kukaa kimya. Nikachukua ile lesi, nikaipiga pasi, nikaikunja, nikaenda kwa yule fundi kumwomba radhi, nimwambie kama anaweza aitumie kwa mteja mwingine. Akaishika, akaitazama sana. Akasema, "Mwanangu, hii si kazi yangu. Mimi lesi naipiga cherehani. Huyu aliyeshona hivi alikuwa anamshonea mtu wake." Nikamwambia basi ni shangazi. Akasema shangazi yako alikuja kwangu mwezi uliopita na gauni la zamani, akitaka nimbandikie kipande cha lesi kama hii hii, kwa sababu mwenyewe hajui kushika sindano.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza. Shangazi alikaa kitandani, akafungua droo, akanipa kila kitu. Hakujitetea. Alisema tu, "Niliogopa utaondoka," akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa bibi. Tangu siku hiyo hapiki, napika mimi. Lile gauni amelifumua lesi na mimi nimemkataza asiitupe.

Vile vipande nimevipeleka dirishani. Ningechagua zigizaga ya njano. Mapema sana ningeichagua, bila hata kuvishika vingine.

Ningejua ni wewe nisingefumua. Ningevaa hivyo hivyo, wangecheka wakachoka. Nimejaribu kuirudishia lakini mimi mishono yangu inaonekana, na sasa pindo lina matundu madogo madogo ya sindano, ukilishika kwenye mwanga yanaonekana yote.

Umesema nije likizo. Nimefikiria na sitakuja. Sina hasira, au ninayo kidogo lakini si hiyo sababu. Siwezi kumwacha shangazi akiwa hivi alivyo. Na tena sikujui. Kila mtu alikuwa ananijibia mimi, na kila mtu alikuwa anakujibia wewe.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikichana. Nilikuwa nakwama pale juu kabisa, nikuite nani. Ndiyo maana nimeandika "Kwako". Usijisikie vibaya.

Ni mimi


31 Julai

Mwanangu,

Mwandiko wako ni mkubwa na umelala kulia. Sikuwa najua.

Sketi ni yako, ulikuwa na haki ya kuifumua. Usirudishie lesi. Yale matundu usiyaogope, loweka pindo kwenye maji ya uvuguvugu, lisugue kwa ukucha upande wa ndani, pamba itajifunga yenyewe. Yakibaki machache yaache tu.

Shangazi yako usimnunie. Nimemkasirikia mimi siku mbili, inatosha kwa wote. Nilikuwa nimeanza kumwandikia barua kali, nikaandika mstari mmoja, nikajiona. Yeye alidanganya kuhusu lesi kwa sababu alikuwa na wewe na hakutaka kukukosa. Mimi nilikuwa naye wa kumlaumu miaka yote hii, ili nisijiulize kwa nini sikupanda gari. Hakuna aliyenifunga miguu. Nauli ilikuwepo, si kila mwezi, lakini ilikuwepo. Nilikuwa naogopa utanitazama kama mgeni, basi nikawa natuma vipande vya urembo na kuuliza nyembamba au pana, mmoja au miwili. Aliniambia usije, nikakubali upesi mno. Mama wa kweli angebisha. Hilo ndilo ninalolijutia, na sitalimaliza kulijutia kwa barua.

Umesema hutakuja, na mimi sikuombi tena. Nakuja mimi. Nimepewa ruhusa ya Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Siji kukuchukua, mwambie shangazi yako asifunge mlango wala asiache kupika. Siji hata nyumbani kama hamjaniita. Nitashuka stendi asubuhi na nitakaa pale kwenye mabenchi ya abiria mpaka gari la jioni la kurudi. Ukiona unaweza kuja, njoo, hata dakika chache, hata na shangazi, hata usiseme kitu. Ukiona huwezi, usije, na sitamuuliza mtu sababu.

Kuhusu kuniita, niite utakavyoweza siku hiyo. Usipoweza, usiniite.

Nimewaza utanitambuaje, maana picha mliyo nayo ni ya zamani na mimi nimebadilika sana. Hutapata shida. Mimi ndiye nitakayekuwa nasimama kila akipita msichana wa umri wako.

Mama yako